Maneno Uliyoyasahau

Kapinga, mwanangu, mama yangu mdogo,

Umetoka kwenda kuwaaga kina shangazi yako, na humu ndani limebaki begi lako tu, limesimama karibu na mlango. Nimeona nitumie nafasi hii kuandika, kwa sababu ukiwepo siwezi. Kila nikianza kusema habari za shule yetu ya zamani unanyanyuka, unasema unakwenda kuangalia moto wa mbabula, jiko letu la makaa, hata kama hakuna chungu juu yake.

Sitakuandikia mambo ya kuvaa sweta, wala ya kula, wala ya kuwaangalia wabadilisha fedha pale mpakani Kasumbalesa. Mjomba wako anayajua hayo kuliko mimi, naye ndiye aliyekutafutia kazi ya duka kule Kitwe, ng'ambo ya mpaka. Wala sitakuambia kwamba mambo yatakuwa mazuri. Nimewaambia watoto wa watu hivyo kwa miaka mingi, na wengi wao nakutana nao jioni wakirudi kutoka mgodini Ruashi, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Wananisalimia kwa Kifaransa nilichowafundisha: "Bonsoir, Madame." Nawaitikia, kisha natazama chini.

Nina jambo moja la kukuambia, nililolijua Jumapili iliyopita. Lakini nikianza nalo litakupita tu. Nivumilie nianzie nyuma.

Nilipoingia kufundisha katika shule ile ya Bel-Air nilikuwa kijana, na nilikuwa mkali. Niliamini mwalimu akicheka mbele ya darasa amekwisha. Kila mwaka, kabla ya mitihani ya mwisho, shule ilikuwa na semaine culturelle yake, wiki ya utamaduni, ambayo sisi wote tuliiita "wiki" tu. Ilikuwa na siku ya nguo za asili, mashindano ya maswali, mpira kati ya walimu na wanafunzi, mchezo wa kuigiza, na Ijumaa ilikuwa defile, shule nzima inatembea barabarani kwa ngoma na nyimbo. Mwaka wangu wa kwanza niliona ni siku za kusoma zinazotupwa bure. Nikajificha katika chumba cha walimu na madaftari ya kusahihisha. Prefe Ngoy, mkuu wetu wa shule, akanifuata huko.

"Madame Béatrice, mchana na weye utaingia mu gunia."

"Prefe, miye niko mwalimu. Siko mutoto."

"Njo maana," akasema. "Batoto beko na hamu ya kuona mwalimu nayeye anaanguka."

Nikaingia katika gunia la makaa kwa mashindano ya kuruka, nikapanga mstari na wasichana wa darasa la tatu, filimbi ikapigwa, nikaruka kidogo tu, nikaanguka kifudifudi katikati ya uwanja. Kitambaa cha kichwa kilikwenda huku, kiatu kule. Shule nzima ilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kulikuwa na mvulana katika darasa langu ambaye tangu Septemba hakuwahi kunijibu swali hata moja. Yeye ndiye aliyekuja kuniinua. "Pole, Madame," akaniambia, akanipangusa vumbi kwenye mabega. Wiki iliyofuata aliinua mkono darasani. Jibu lake lilikuwa baya kabisa, lakini mkono aliuinua.

Tangu hapo nilikuwa mtu wa wiki. Niliigiza chifu mwenye ndevu za pamba. Nililinda goli nikiwa na mimba yako, hadi Prefe mwenyewe akaja kunitoa uwanjani kwa kunishika mkono. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa anatoroka karakana ya reli siku ya defile ili akubebe begani uone ngoma vizuri. Ulizijua nyimbo za shule ile kabla hujajua kusoma. Naandika haya ili ukumbuke kwamba niliyokuambia baadaye sikuyasema kwa mdomo tu.

Kisha mzee mwenye shule akafa. Watoto wake wote wako Ulaya, na aliyepewa kazi ya kushughulikia mali ni binti yake mkubwa, Madame Solange. Tukaanza kusikia kwamba kiwanja kinatakiwa na mtu mwenye malori, anatafuta mahali pa kuyaegesha kabla hayajaingia njia ya mpakani. Walimu tukanong'ona mpaka tukachoka. Mwisho Prefe Ngoy akatuita.

"Madame Solange ataikala hapa siku ya defile," akatuambia. "Ataangalia. Nyie mufanye kazi yenu kama kila mwaka. Hata mupite kila mwaka."

Hakusema zaidi ya hapo. Mimi nimeyarudia maneno yake kichwani mara nyingi wiki hii, na ni kweli hakusema zaidi. Sisi ndio tuliosikia lingine, kwamba tukimpendeza hatauza. Mwalimu Kalenga wa hesabu peke yake ndiye aliyetikisa kichwa tulipotoka nje.

"Nani alishaonaka bantu banaacha feza sababu ya ngoma?" akaniuliza.

"Kalenga, weye unajua paka hesabu tu," nikamjibu, na wenzetu wakacheka.

Wewe ulikuwa darasa la tano la sekondari. Walikuchagua kumkabidhi Madame Solange maua na kusema maneno ya shule. Nakumbuka ulikuwa unaosha vyombo uliponiuliza, bila kugeuka.

"Mama, tukifanya muzuri, atatuachia masomo yetu?"

"Akituona kwa macho yake," nikakuambia, "ataona haya kutuuza."

Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Sijawahi kuona wiki kama ile. Watoto waliokuwa wameacha kuja tangu Pasaka walirudi. Wazazi walileta chokaa, na darasa la sita wakapaka ukuta mzima wa mbele, wakachora na ramani ya Kongo karibu na lango. Siku ya nguo za asili ulivaa nguo ya rafia ya Kasai ya bibi yako, wewe ambaye hujakanyaga Kasai, nami niliyezaliwa hapa hapa, na mwenzako aliyesimama kando yako alikuwa na shanga za kwao Kaskazini, ambako naye hajafika. Mlikuwa mnaulizana maneno ya ngoma zenu na hakuna aliyekuwa na jibu, mkacheza tu. Walimu tulishindwa kwenye maswali na darasa la tatu. Kalenga, na ubishi wake wote, alidaka penalti mbili mpaka suruali ikapasuka, akamaliza mchezo amejifunga sweta kiunoni. Jioni zile nilirudi nyumbani sina sauti. Nilikuwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka inaniuma kama jino.

Ijumaa asubuhi ilikuwa baridi, ile ya kwetu mvua zinapokoma. Tulipitia barabara ya vumbi nyuma ya soko, watu wakatoka kwenye maduka kututazama, kisha tukarudi hadi langoni, ambako Madame Solange alikuwa ameketi chini ya hema kwenye kiti cha plastiki, amevaa miwani myeusi. Mliimba ule wimbo ambao mzee mwenyewe aliupenda. Nikamwona anavua miwani. Alikuwa analia. Kisha akasimama, akaacha mkoba wake kwenye kiti, akaingia kati ya watoto wa darasa la kwanza na kucheza nao. Alicheza vizuri, kama mtu wa hapa, maana ni mtu wa hapa.

Nikamgusa Kalenga kiwiko. "Unaona?"

Kalenga akaitikia kwa kichwa. Hata yeye, Kapinga. Hata Kalenga aliamini kwa dakika ile.

Ngoma zikanyamaza, Madame Solange akarudi kitini, nawe ukatoka mbele na maua. Nilikuwa nyuma yako kidogo. Maneno yako niliyajua yote, maana ulikuwa umeyasema jikoni, uani, kitandani, hata chooni.

"Madame," ukaanza, na sauti yako ilikuwa safi, "sisi watoto wa shule ambayo baba yako…"

Ukaishia hapo.

Nilisema neno linalofuata kwa midomo bila sauti, lakini hukugeuka kunitazama. Mpiga ngoma akadhani umemaliza, akapiga mara moja, akaona si hivyo, akaacha. Kisha ukaweka maua mapajani mwa Madame Solange, ukageuka, ukaondoka. Hukukimbia. Ulitembea polepole kupita katikati ya wenzako mpaka ukaingia darasani, na kutembea kule kuliniuma kuliko kama ungekimbia. Madame Solange aliita nyuma yako, "Haina mubaya, mama. Haina mubaya." Prefe akawaambia wapiga ngoma waendelee.

Likizo ilipoanza tu, mashine ikaja kubomoa. Tulikwenda kuangalia, wewe na mimi, tukasimama ng'ambo ya barabara pamoja na watu wengine. Ukuta wa ramani ndio uliotangulia kuanguka. Nikasikia unasema chini chini, "Njo miye, mama."

"Nini?"

"Njo miye. Kama ningesema yote, angeacha."

Nikakuambia si wewe. Nilikuambia pale, nikakuambia tena nyumbani, na siku nyingine nyingi. Lakini sikuwa na kitu cha kushikilia. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayebahatisha, na wewe una masikio, ulisikia.

Tangu siku ile sijakusikia ukisema mbele ya watu. Katika shule uliyomalizia, walimu waliniambia unajua majibu ila hujibu. Kanisani ulikataa kusoma somo. Na mjomba wako alipokuuliza unataka kuhudumia wateja au kukaa stoo, ulijibu neno moja tu: "Stoo." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema stoo hakuna wa kuongea naye.

Sasa sikia nilichokuahidi.

Jumapili nilisikia kwamba Prefe Ngoy ni mgonjwa, nikaenda kumsalimia. Anakaa Ruashi siku hizi, katika ile nyumba aliyoanza kuijenga tukiwa bado shuleni. Haijapigwa lipu, na dirisha moja limezibwa kwa bati. Amekonda. Tukaongea habari za huyu na yule, nani yuko wapi, nani amezikwa. Kisha akauliza:

"Na ule mutoto wa maua? Kapinga?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, jinsi ulivyonyamaza, jinsi unavyoondoka kwenda kukaa stoo katika nchi ya watu. Akaweka kikombe chini.

"Anazani ni yeye?"

"Haina kuzani, Prefe. Anaamini."

Akageukia lile dirisha la bati. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Madame Béatrice, balishaka kuuzisha kiwanja mbele ya wiki kuanza. Mwenye kununua alikuwa na makaratasi yake yote. Madame Solange alinipigia telefone angali kule Ulaya. Huku alikuja paka kuaga tu."

"Na weye ulijua."

"Nilijua."

"Juu ya nini haukutuambia?"

"Ningelisema, mungelicheza?" akaniuliza. "Kalenga angelikamata mupira? Batoto bangelikaa mu darasa, kungoya mashine. Sikuwa na kitu ingine ya kubapatia. Ilikuwa paka ile wiki. Nikabapatia."

"Ulimupatia mutoto wangu muzigo."

Hapo ndipo aliponitazama. "Ile sikuijua," akasema. "Nilizani alirudi nyumbani, akasahau. Umuambie. Hata angelisema kama malaika, ingelikuwa paka vile vile."

Nilimwekea sukari na mkate nilioleta, nikaaga, nikatoka. Mkewe alinisindikiza hadi barabarani na alikuwa ananiongelesha, lakini sikumbuki alisema nini. Nilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke juu ya nani. Nikimfikiria Prefe, namwona mzee aliyewapa watoto furaha ya mwisho kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Nikikufikiria wewe, nataka kurudi kumtikisa mabega. Mpaka leo sijui kama nimemsamehe. Labda akifa nitajua.

Jambo linalonisumbua zaidi ni machozi ya Madame Solange. Nimejaribu kumwona kama mnafiki, ningepata nafuu. Sikuweza. Nilikuwa karibu naye, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Alilia kwa sababu alikuwa amekwisha kuuza. Aliona alichokiuza, akakipenda, akacheza nacho, akapanda ndege. Mimi mwalimu mzima, nimesoma vitabu, sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuguswa hadi ndani kabisa na bado asibadilishe kitu. Nilidhani ukimgusa mtu umemaliza kazi. Nilikufundisha hivyo pia, ukaamini kwamba kazi ilikuwa mikononi mwako na kwamba iliharibikia mdomoni mwako.

Haikuwa mikononi mwako. Haikuwa mikononi mwa yeyote kati yetu tuliokuwa pale, si mpiga ngoma, si mimi, si darasa la sita na chokaa yao. Siku ile ulisimama mbele ya jambo lililokwisha. Ungesema yote, ungesema nusu, ungekohoa tu, malori yangeegeshwa pale pale yalipo leo.

Najua hii si zawadi ya safari. Mama wengine wanawapa watoto wao matumaini, mimi nakupa habari kwamba hayakuwepo. Nimegeuza geuza jinsi ya kuliandika jambo hili likawa tamu, sikupata. Nilifikiri mimi mwenyewe nitapumua nikishajua, lakini sijapumua. Usiku nawaza wale watoto walioacha kuja tangu Pasaka wakarudi kwa ajili ya wiki, jinsi walivyokuwa wanapaka chokaa polepole, wasiache alama za brashi. Sijui walio wengi wako wapi.

Ila kwako nadhani ni tofauti. Kitu ulichokibeba si chako, na hakijawahi kuwa chako. Ukifika Kasumbalesa na malori yamefunga njia, utakuwa na muda mrefu wa kukaa. Soma tena hapa niliposema ilikuwa imekwisha kuuzwa. Soma hadi neno hilo lipoteze ukali.

Labda utasema: kama ni hivyo, kuna faida gani ya kufungua mdomo mahali popote? Nimejiuliza hilo hilo, na sina jibu la mwalimu. Ninachoweza kukuomba ni kidogo. Mtu akikuuliza kitu nawe unakijua, mwambie. Usitegemee kwamba atabadilika kwa sababu umesema vizuri. Mwambie tu kwa kuwa unakijua, kisha uendelee na kazi yako. Na ukisahau maneno katikati, ukae kimya, uvute pumzi, uondoke kama ulivyoondoka siku ile, bila kukimbia. Nilikuona kwa nyuma, Kapinga. Shingo yako ilikuwa wima. Kwa watu wote waliokuwa pale siku ile, wewe peke yako ndiye uliyetembea kama mtu anayejua hakuna la kuokoa.

Sikutegemei urudi. Hilo nalo niliandike, ili usije ukalivumbua mwenyewe ukiwa kule na kujiona mbaya. Wanaokwenda Kitwe wanapata wenzi, wanapata watoto, simu zinapungua. Mjomba wako aliondoka kwa mwezi mmoja. Nitakuwa hapa, nitapokea simu ukipiga, na siku ambazo hupigi sitakuhesabia.

Limebaki la mwisho, ambalo nimekuficha wiki nzima kwa aibu tu. Shule ninayofundisha sasa nayo ina wiki yake, na ni wiki hii. Madarasa yamejaa, watoto wanakaa wanne kwenye dawati la wawili, na mkurugenzi anataka picha za kuvutia wazazi. Amesema mwalimu asiyeshiriki ajieleze. Kesho walimu wanavaa kama wanafunzi, na wanafunzi ndio watakaofundisha. Basi lako linaondoka mapema, na nikikusindikiza sitapata muda wa kurudi nyumbani kubadilisha. Kwa hiyo kesho pale parking, kwenye kituo cha mabasi, nitakuja nimevaa bleu-blanc, shati jeupe la shule na sketi ya bluu, na soksi hadi magotini. Wabeba mizigo watacheka. Abiria watachungulia madirishani kuona huyu mama mwenye mvi amevaa nini, na kwa nini analia.

Wewe usione haya, mwanangu. Nishike mkono mbele yao, kisha upande.

Mama yako,
Béatrice